Ukiinama Utawaona: Kuwinda Wadudu na Buibui kwa Kamera, Ruiru na Thika

Ukimuuliza mkazi wa Ruiru au Thika ni wanyama gani wa porini waliobaki kwao, huenda akakucheka. Atakwambia nyati wako Ol Donyo Sabuk, simba wako mbugani Nairobi, na hapa kwetu ni ploti, viwanda na magari ya barabara kuu tu. Basi toka nje leo asubuhi kabla jua halijapanda. Inamia ua wa kayaba, au mlimau ulio nyuma ya nyumba, kisha utazame tawi moja tu kwa dakika tano bila kubanduka. Utamwona mwindaji anayenyemelea kama chui, mama anayelinda mayai yake, mwizi anayejifanya mavi ya ndege ili asiliwe, na pengine maiti iliyoviringishwa sanda ya hariri ikisubiri kuliwa usiku. Mbuga hiyo haina kiingilio wala haihitaji gari. Inataka magoti yako tu, na kamera.

Siku hizi kamera si neno la kutisha. Zamani mtu alinunua mkanda wa picha 36, akahesabu kila bonyezo kama anahesabu shilingi, kisha akasubiri studio imsafishie ili aone kama alipata kitu. Nani angethubutu kumaliza mkanda mzima juu ya panzi mmoja? Leo mwanafunzi mwenye simu ya kawaida aweza kumpiga panzi huyo picha mia mbili, akafuta mia moja na tisini na nane, na asiwe amepoteza chochote ila nusu saa.

Kuhusu wakati, usidanganywe na vitabu vya kigeni. Wapiga picha wa Ulaya husubiri mwisho wa kiangazi chao, yaani Agosti na mwanzo wa Septemba, kwa kuwa hapo wadudu wao huwa wamekomaa na buibui wamenenepa. Ukifuata ratiba hiyo hapa kwetu utapata mafua. Agosti mjini Thika ni mwezi wa ukungu na majaketi. Kiangazi chetu huanza karibu na mwaka mpya na hufika ukingoni mwezi wa Machi, na mambo huchemka siku zile ambapo vumbi na jua kali hukutana na manyunyu ya kwanza.

Chukua mfano wa kahawa, maana ndiyo iliyoijenga nchi hii ya Ruiru na Thika. Wakati wa ukame mbuni huyaweka machipukizi ya maua yake yamefumba. Ukishanyeshewa, wiki moja hivi baadaye au zaidi kidogo, mibuni yote huchanua kwa pamoja. Shamba lote huwa jeupe, na harufu yake, inayofanana na ya asumini, hukufikia ukiwa bado barabarani. Maua hayo hayana maisha marefu. Siku mbili tatu yamekwisha kunyauka. Lakini katika siku hizo chache utawapata nyuki, nzi wa maua, vipepeo na dundu wa kila rangi wakigombania chavua, na nyuma yao wale wanaokula wanaokula maua: buibui wa kuvizia na vunjajungu. Ukitaka kuingia shambani omba ruhusa kwanza, na uulize kama mibuni imepigwa dawa wiki hiyo. Ikiwa imepigwa, geuka urudi nyumbani. Si vizuri kwa mapafu yako, na tena hutapata mdudu aliye hai.

Vifaa si vingi

Shida ya kwanza ya mpiga picha wa vitu vidogo ni umbali. Simu nyingi haziwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu mno; ukisogea chini ya sentimita kumi hivi, picha hugeuka uji. Dawa yake ni lenzi ndogo ya kukuzia inayobanwa juu ya jicho la simu kama kibanio cha nguo. Huuzwa pale pale panapouzwa vifuniko vya simu. Usipoipata, chukua kioo cha kukuzia, kile ambacho babu hukitumia kusomea gazeti, ukishike mbele ya jicho la simu. Utashangaa.

Mwenye kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha naye ana ujanja wa kale usiohitaji pesa nyingi: lenzi ya kawaida ya milimita 50 ikigeuzwa nyuma mbele, kwa kutumia pete maalumu, huwa lenzi ya kukuzia. Lenzi za zamani zenye pete ya kurekebishia tundu kwa mkono ndizo bora kwa kazi hii, na hizo ndizo zilizolala kabatini katika nyumba nyingi tangu enzi za mikanda.

Shida ya pili ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Kadiri unavyosogea karibu ndivyo sehemu iliyo wazi katika picha inavyozidi kuwa nyembamba. Ukimkuza mdudu sana, jicho lake litaonekana wazi na mguu wake wa nyuma utakuwa ukungu. Sehemu iliyo wazi huenda ikawa milimita moja au mbili tu. Ndiyo maana ukipumua tu picha imeharibika. Fanya hivi: amua kwanza ni sehemu gani unayoitaka. Ukiitaka sura, lenga jicho, maana mtazamaji husamehe yote lakini hasamehi jicho lenye ukungu. Ukimtaka mdudu mzima, iweke kamera sambamba na ubavu wake ili kichwa na mkia viwe katika umbali mmoja. Kisha acha kuhangaika na kitufe cha kulengea. Funga umbali mahali pamoja, halafu uyumbe wewe mwenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, ukipiga mfululizo. Moja kati ya kumi itakuwa wazi. Egemeza mkono juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharagwe au mchanga. Ni stendi bora kuliko nyingi za dukani.

Mwangaza nao una mambo yake. Jua la saa sita huchoma rangi na kuacha vivuli vyeusi kama masizi. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu ndio wakati wa bwana harusi. Jua ni la upole, umande bado uko, na mdudu mwenyewe hana nguvu. Damu ya mdudu haina joto lake lenyewe, hivyo hawezi kuruka mpaka jua limpashe. Kerengende aliyelala juu ya unyasi kando ya Mto Ruiru saa kumi na mbili na nusu ataruhusu umsogelee hadi umhesabu mishipa ya mbawa. Saa nne huyo huyo hutamsogelea hata hatua tatu. Ukilazimika kutumia flashi, ifunike kwa karatasi nyeupe nyembamba ili mwangaza usambae, la sivyo dundu anayeng'aa atakurudishia doa jeupe mgongoni.

Wenyeji wa ua wako

Anza na buibui mdogo anayerukaruka ukutani, yule asiyetega utando, mwenye kutembea kwa vishindo kama mlevi anayejua aendako. Watu wengi humwogopa bure. Ana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za lori. Anaona vizuri ajabu kwa kiumbe wa ukubwa wa punje ya mahindi, na kwa sababu hiyo ndiye anayefaa zaidi kupigwa picha: ukimsogelea hatoroki mara moja, bali hugeuka akutazame usoni. Ndugu yake mmoja, anayepatikana kandokando ya Ziwa Viktoria katika Kenya na Uganda, amewashangaza wataalamu kwa kuwa huchagua kula mbu waliokwisha kunyonya damu, akiwaacha wengine. Utafiti juu yake ulitangazwa mwaka 2005, na ulifanywa katika kituo cha Mbita cha ICIPE, lile shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Makao makuu yake umeyapita mara nyingi ukitoka Nairobi kwenda Ruiru. Yako Kasarani, na mahali penyewe panaitwa Duduville. Jina zuri, nadhani, kuliko majina mengi ya mitaa inayojengwa siku hizi.

Ninaposema buibui, kumbuka si mdudu kwa hesabu ya wanasayansi. Mdudu ana miguu sita, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane, na kichwa na kifua chake vimeungana. Mpe mtoto wa darasa la nne kazi ya kuhesabu miguu kwenye picha aliyoipiga mwenyewe, naye hatasahau.

Halafu kuna yule buibui mkubwa mwenye miguu mirefu anayetanda kati ya miti, au kati ya nyaya za simu na ukuta. Jua likipiga utando wake kutoka ubavuni, unaona nyuzi zake ni za manjano kama dhahabu. Yule jike mkubwa katikati ndiye mwenye nyumba. Tazama tena pembeni utaona kijibuibui chekundu ambacho ungedhani ni mtoto wake. Huyo ni mume. Hariri ya ukoo huu huko Madagaska ilifumwa kuwa kitambaa kimoja kilichooneshwa New York mwaka 2009, na ilibidi wakamuliwe buibui zaidi ya milioni moja, kisha waachwe waende zao. Ukimpiga picha, simama jua likiwa mbele yako na kitu cheusi nyuma ya utando, kama kivuli cha mti. Dhahabu itajitokeza yenyewe. Wala usiukate utando ili upate nafasi. Huo ni kazi ya usiku kucha, na ni chakula chake cha kesho.

Lakini kwa familia yenye watoto, mimi ningechagua mlimau. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai yake juu ya majani machanga ya mlimau na mchungwa. Kiwavi akitoka huwa mweusi mwenye bato jeupe, kama mavi ya ndege hasa, na ndege humpita. Akikua hujivua ngozi akawa kijani kama jani. Mguse kidogo kwa unyasi na uwe tayari na kamera, maana nyuma ya kichwa chake zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kufukuza adui. Hazikai nje muda mrefu. Piga picha ya kiwavi mmoja kila asubuhi, kwa umbali ule ule, mpaka ajifunge kwenye kijiti na kuwa bundo. Zikiwekwa picha hizo pamoja, mtoto ataona maisha yote yakipita, na somo la sayansi litakuwa limefundishwa bila chaki. Mwenye mlimau huenda akataka kumwua kiwavi huyo. Mweleze kwamba mti mkubwa hauangamizwi na viwavi watatu. Mche mdogo ni habari nyingine.

Vunjajungu usimwache. Katika jicho lake utaona kidoa cheusi kinachokufuata popote uendapo, kana kwamba anakukodolea. Si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vingi sana, na vile vinavyokuelekea wewe hunywa mwanga badala ya kuurudisha, vikaonekana vyeusi. Kwa hivyo kila anayemtazama huona anatazamwa yeye peke yake.

Kosa la herufi moja

Huenda unajiuliza, yote haya yana faida gani zaidi ya kupendeza macho? Basi ngoja nikusimulie kisa kilichotokea papa hapa Thika.

Mwaka 1923 wakulima wa kahawa wa sehemu za Thika waliona wadudu wadogo weupe, kama waliopakwa unga, wamekusanyika kwenye machipukizi na matunda ya mibuni yao. Ni wale tunaowaita vidung'ata. Walifyonza utomvu, wakamwaga majimaji matamu, na juu ya majimaji hayo ikaota kuvu nyeusi kama masizi. Siafu si hao, lakini sisimizi wadogo weusi waliyapenda majimaji hayo, wakawa walinzi wa vidung'ata kama wachungaji wa mbuzi. Pigo lilienea. Wakulima walifikia hatua ya kuzungushia mashina ya mibuni mafuta ya kunata, mti mmoja baada ya mwingine, ili sisimizi wasipande.

Wataalamu walimwangalia mdudu huyo na kumpa jina la mwingine wanayefanana, anayejulikana huko Asia. Basi adui zake wa asili wakatafutwa ng'ambo, wakaletwa, na hawakufaulu kitu. Miaka ikapita. Mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Le Pelley ndiye aliyetoa jibu: huyu si yule wa Asia hata kidogo. Tofauti zao ni ndogo kiasi kwamba hazionekani ila chini ya darubini. Mwaka 1935 mdudu akapewa jina lake mwenyewe, lenye neno Kenya ndani yake, ingawa nyumbani kwao hasa ilionekana ni Uganda. Na huko Uganda hakuwa tishio, kwa kuwa kulikuwa na vijinyigu vidogo, vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyotaga mayai ndani ya mwili wake. Vijinyigu hivyo vililetwa Kenya mwaka 1938. Baada ya miaka michache, vidung'ata wakawa si pigo tena katika sehemu nyingi za kahawa.

Yaani miaka kumi na mitano ya hasara ilitegemea kutofautisha vitu viwili vyeupe vinavyofanana. Kahawa ya Thika haikuokolewa na dawa bali na mtu aliyekodoa macho.

Mwanafunzi anayepiga picha ya mdudu jani kwa jani huko Gatuanyaga au Membley anafanya kazi ya aina hiyo hiyo, mradi aandike mambo matatu: mahali, tarehe, na mmea ambao mdudu alikuwa juu yake. Picha nzuri bila hayo ni ya kutundika ukutani. Picha ya wastani yenye hayo ni ushahidi. Siku hizi kuna programu ya simu iitwayo iNaturalist, ambamo unaweka picha yako na watu wanaojua, wengine wako mabara mengine, hukusaidia kupata jina. Mkenya Dino Martins, mtaalamu wa wadudu, alitoa mwaka 2014 kitabu cha wachavushaji wa Afrika Mashariki kupitia shirika la Nature Kenya, chenye picha za nyuki ambao wengi wetu tungedhani ni nzi. Shule yenye maktaba ingefaa kukitafuta.

Na ushahidi unahitajika upesi. Ukipita Ruiru leo, mahali ulipokuwa ukiona mibuni kwa safu, utaona mabati, mawe na nyumba za ghorofa. Tatu City yenyewe imesimama juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Sisemi watu wasijenge. Watoto wanahitaji pa kulala. Lakini nani ameandika ni vipepeo gani waliokuwa kwenye mibuni hiyo, au ni buibui gani aliyekuwa kwenye ua wa kayaba kabla haujang'olewa na kujengwa ukuta wa mawe? Kwa sehemu nyingi, hakuna. Kama ploti iliyo karibu nawe bado ina vichaka vya lantana, nenda Jumamosi hii.

Mkitaka kutoka kidogo, mahali pa karibu na penye raha ni Blue Posts mjini Thika, hoteli iliyokuwapo tangu mwaka 1908, kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Watu wazima wakikaa kwa chai, watoto waweza kuwatazama kerengende kwenye mvuke wa maji, mradi mtu mzima mmoja awe nao karibu na ukingo. Fourteen Falls ni pazuri kwa macho, lakini Mto Athi hufika pale ukiwa umebeba taka nyingi za Nairobi, na mimi singempeleka mtoto akachovye miguu.

Usiku wa mvua ya kwanza

Kuna usiku mmoja ambao hutaki kuukosa. Baada ya mvua ya kwanza kubwa ya Machi au Aprili, mchwa hufungua milango ya vichuguu na kumbikumbi humwagika angani. Zima taa za ndani, uache ya nje peke yake, na utandaze shuka jeupe ukutani. Wataanguka juu yake kwa mamia. Tazama chini: wanakata mbawa zao wenyewe, kisha jike hutembea mbele na dume nyuma yake, wakigusana, wakitafuta ufa wa kuanzia ufalme mpya. Huyo ndiye wa kumpiga picha, ukiwa umelala kifudifudi na simu imegusa sakafu, flashi ikiwa imefunikwa karatasi. Mjusi na chura watakuja bila kualikwa, nao ni picha pia.

Atakuja na mwingine: mdudu mwembamba wa kama sentimita moja, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi. Wengi humwita nzi wa Nairobi, ingawa ni dundu mwenye vifuniko vifupi vya mbawa. Waliozidi umri wa miaka thelathini na mitano wanawakumbuka walivyofurika wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo mwilini, na humwagika ukimpondea kwenye ngozi, ikaleta malengelenge kama ya moto. Mpige picha akiwa kwenye shuka, ni mzuri mno kwa karibu. Akitua shingoni mwako mpulize, usimpige kofi. Na kama amekwisha kupondeka, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi mara moja, kisha usijisugue macho. Shuka likung'uteni nje kabla halijarudishwa kitandani.